Dakika ya Ishirini

Tarehe 16 Desemba 2021, Feral Interactive, kampuni ya hapa London, ilitoa gemu la Alien: Isolation kwa simu za mkononi. Gemu hilo lilitoka mara ya kwanza Oktoba 2014 kwa Creative Assembly, studio ya Horsham, mji ulio kusini mwa London. Lilisimama juu ya injini ambayo studio hiyo iliijenga yenyewe na kuipa jina la Cathode. Lilikuwa gemu la mashine kubwa. Kwenye kompyuta lilidai gigabaiti 35 za nafasi. Feral walilileta zima kwenye simu, na nyongeza zake zote saba, likakaa katika gigabaiti zipatazo 11. Leo mtu anaweza kulicheza amekaa ghorofa ya juu ya basi la kwenda Stratford.

Asiyecheza magemu atauliza injini ni nini. Ni programu iliyo chini ya gemu, ile inayojua mwanga unaangukaje ukutani, mlango unafunguka vipi, mlio wa nyayo unatoka upande gani na adui anawaza nini. Wasanii huchora na watunzi hutunga, lakini injini ndiyo inayovipa vyote uhai, mara thelathini au sitini kila sekunde. Cathode ilijengwa kwa ajili ya hofu. Mchezaji anamwongoza Amanda Ripley, aliyenaswa kwenye kituo cha angani kiitwacho Sevastopol, na humo ndani kuna kiumbe kinachomwinda. Kiumbe hicho hakipiti njia iliyopangwa. Kinaongozwa na akili mbili: moja iko juu, inajua mchezaji yuko wapi na inatoa fununu tu ya eneo la kutafuta, ya pili iko ndani ya kiumbe chenyewe, nayo haijui lolote zaidi ya fununu hiyo na inachokiona na kukisikia. Ukijificha kabatini na kusikia kishindo kikikaribia, kinachokutisha ni kwamba kiumbe kile kinakutafuta kwelikweli.

Kwa hiyo naistahi sana kazi ya Feral. Simu zetu zimejaa magemu yenye jina kubwa juu na ndani hamna kitu. Mtu anachukua sura ya gemu maarufu, anaiweka kwenye mchezo wa kugusagusa kioo, anauza. Kulihamisha gemu zima, kwa hofu yake na giza lake na sauti zake, ni kazi ya mtu anayeijua roho ya kile alichokibeba. Niliwahi kufanya kazi ya kujaribu magemu ya simu katika studio ndogo ya London Mashariki, na mambo niliyoyaona pale yamenifuata nje ya kazi, mpaka kwenye mambo ya nyumbani na ya familia.

Jambo la kwanza ni joto. Watu hudhani taabu ya kuleta injini kubwa kwenye simu ni unyonge wa prosesa. Prosesa za siku hizi si nyonge hata kidogo. Lakini PlayStation 4 ikichezesha gemu zito hula umeme unaozidi wati 100, nayo ina feni ya kupuliza hewa ya moto nje. Simu haina feni. Ni kioo, chuma na plastiki vilivyobanwa pamoja, betri katikati, na joto lake halina pa kutokea ila mgongoni, moja kwa moja kwenye viganja vya mchezaji. Wati chache tu, zikiendelea kwa muda, zinatosha kuifanya isishikike. Ndiyo maana simu zimewekewa ulinzi: joto likipita kiwango fulani, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa. Aliyewahi kucheza PUBG Mobile mchana wa jua la Dar es Salaam anaijua hali hiyo. Simu inapata moto, picha zinaanza kukwama, na unauawa na mtu ambaye hukumwona akija.

Mhandisi aliyetuongoza pale alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Mombasa. Kila aliyempelekea habari njema, kwamba gemu linakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, aliulizwa swali lilelile: ya dakika ya ngapi? Mara ya kwanza aliponiuliza mimi aliona sijamwelewa, akaweka kikombe chake cha chai mezani.

“Mdogo wangu,” akasema, “simu ikitoka mfukoni ni baridi, na simu baridi haishindwi na kitu. Kaa nayo, icheze, iache ipate moto. Kisha uniletee dakika ya ishirini.”

Basi tulikaa na simu. Mezani zilipangwa za bei zote, na kila moja ilichezeshwa mpaka ikachoka. Katika dakika ya ishirini mambo yote hujulikana. Gemu lililoanza na fremu 60 huteremka mpaka 38, likaruka 50, likazama 27, likapanda tena. Na jicho la mtu halichoshwi na kasi ndogo kama linavyochoshwa na kasi isiyotabirika. Dawa yake ni ya zamani na wote wa kazi hii wanaijua: unaweka kikomo. Unaiambia injini isizidi fremu 30, hata pale ambapo simu ni baridi na inaweza kutoa 60. Nguvu inayobaki huiachi ipotee. Ndiyo inayochelewesha joto, ndiyo inayokaa tayari kwa pambano zito litakalotokea baadaye, wakati kiumbe kimeingia chumbani na moshi umejaa na taa zinawaka na kuzima. Mchezaji hatakuja kukushukuru kwa kikomo hicho. Atacheza tu, saa nzima, bila kujua kwamba kuna mtu alimfikiria.

Wakati ninajifunza hayo, mjomba wangu aliyekuwa akiishi Barking alikuwa akiishi kwa dakika ya kwanza. Alikuja Uingereza kabla yangu, naye ndiye aliyenipokea. Alfajiri alisafisha ofisi za City, mchana akalala kidogo, usiku akalinda jengo upande mwingine wa mji. Kila simu iliyotoka nyumbani aliijibu ndiyo. Ada ya shule, ndiyo. Mabati ya nyumba ya bibi, ndiyo. Mchango wa harusi, rambirambi, dawa za mgonjwa, mtaji wa genge la binamu, yote ndiyo. Ikitokea miezi mizuri alituma fedha mpaka watu wakastaajabu. Kisha ukaja mwezi ambao hakuwa na kitu, naye kwa haya akazima simu. Huko nyumbani wakasema amebadilika, London imemharibu. Mwezi uliofuata akafufuka na kutuma mara mbili, na maneno yakafutika.

Sisemi haya kuwalaumu waliokuwa wakipiga simu. Shida za nyumbani ni za kweli. Nimezaliwa humo, nimesomeshwa na fedha hizohizo. Anayeomba ada hamwoni mjomba akisinzia kwenye basi. Anaisikia sauti yake tu, na sauti ya mjomba kwenye simu siku zote ilikuwa changamfu, maana aliogopa kusikika amechoka.

Mwili ulipompunguzia kasi haukumwomba ruhusa. Presha ilipanda, daktari akamwambia wazi kwamba kazi mbili hizo ama aziache, ama zitamwacha yeye. Nilikuwa kwake jioni aliyompigia mama yangu. Alikuwa ameandika kiasi kwenye bahasha, akakisoma kama mtu anayesoma tangazo. “Dada, kuanzia mwezi ujao nitatuma hiki, kila tarehe tano. Hakitazidi, na hakitapungua.” Mama alikaa kimya. Mama mdogo aliyekuwa pembeni yake alisema maneno ambayo sitayaandika. Kwa miezi kadhaa mjomba alionekana bahili, na najua lilimuuma, kwa sababu kutoa ndiko kulikokuwa heshima yake.

Lakini kabla mwaka haujaisha mama alikwenda shuleni akakubaliana nao kulipa ada kwa awamu, maana alijua tarehe tano kitaingia nini. Akaweza kuwaambia mafundi waje mwezi gani na walete nini. Zamani fedha ikija kubwa ilitumika kubwa, isipokuja watu walikopa dukani. Mjomba mwenyewe anasema jumla ya mwaka haikupungua kama alivyoogopa. Mimi nilimsikiliza nikiikumbuka ile meza ya simu, na nikaelewa kwamba kikomo kinaweza kuwa namna ya kumpenda mtu. Mtu asiyejua utampa nini kesho hawezi kujenga chochote juu ya ukarimu wako, hata uwe mkubwa vipi.

Nirudi kwenye magemu. London ina watu wa kazi hii ya kuingiza gemu kubwa kwenye kifaa kidogo tangu zamani, na historia yao si ya ushindi mtupu. Jez San alianzisha Argonaut akiwa bado kijana mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapa London. Kampuni yake iliwaonyesha Nintendo picha za pande tatu zikitembea kwenye Game Boy, kifaa cha mkononi ambacho kioo chake kilikuwa na vivuli vinne tu vya rangi moja, na ambacho hakikuundwa kwa mambo hayo kabisa. Kutokana na ushirikiano huo ilipatikana chipu ya Super FX, iliyowekwa ndani ya kaseti ya gemu la Star Fox mwaka 1993. Mashine ya nyumbani ya Nintendo ilikuwa haiwezi hesabu zile, basi wakaweka uwezo ndani ya kaseti yenyewe.

Lakini ninaowafikiria zaidi ni Ideaworks3D, nao wa London, ambao mwaka 2003 walileta Tomb Raider kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa Nokia N-Gage, iliyotoka Oktoba mwaka huo, na mfumo wake wa Symbian nao ulikuwa na mizizi hapahapa, maana kampuni ya Symbian ilitokana na Psion ya London mwaka 1998. Fikiria walichokuwa nacho: prosesa ya megahezi 104, isiyo na chipu ya michoro ya kuisaidia, na kioo cha nukta 176 kwa 208. Zaidi ya hayo, prosesa hiyo haikuwa na sehemu maalumu ya kushughulikia namba zenye desimali, na picha za pande tatu zimejaa namba hizo: kila kona ya ukuta, kila kidole cha Lara Croft, shujaa wa gemu hilo, kina mahali pake, na mahali hapo si namba kamili. Kwenye prosesa ya namna hiyo wahandisi hufanya kila hesabu kwa namba kamili, kama mwenye duka anayeandika daftari lake lote kwa senti ili asikutane na nukta. Ni kazi ya uvumilivu. Ukikosea ukubwa wa senti yako, ukuta unatetemeka, au mtu anatumbukia chini ya sakafu.

Na ilifanyika. Gemu lililotoka Derby mwaka 1996 likatembea kwenye simu. Tatizo lilikuwa simu yenyewe. Ili ubadilishe gemu ulilazimika kufungua mgongo na kutoa betri. Ili uongee ulilazimika kuiweka sikioni kwa ubavu wake mwembamba, na watu walicheka barabarani. N-Gage haikupendwa, na kazi iliyofanyika ndani yake ilionwa na wachache.

Nimekaa na habari hiyo muda mrefu kuliko nyingine zote. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba kazi nzuri huonekana. Si kweli kila mara. Kazi nzuri inaweza kuwekwa ndani ya kitu ambacho watu hawakitaki, na waliokifanya wakabaki bila sifa. Waliofanya kazi ya N-Gage walibaki na ujuzi: walijua injini kubwa hukaaje kwenye kifaa kidogo, na ujuzi huo waliugeuza kuwa zana ya kuwasaidia watengenezaji wengine kuandika gemu mara moja na kulipeleka kwenye simu za aina nyingi. Zana hiyo iliitwa Airplay, na mwaka 2011 ikapewa jina la Marmalade. Nawajua Waafrika Mashariki wengi hapa mjini waliofanya kazi nzuri mahali palipofungwa, biashara zilizokufa, miradi iliyokatwa fedha. Wakiisimulia miaka hiyo huisimulia kama miaka iliyopotea. Ningependa waitazame tena mikono yao.

Nje kidogo ya London, upande wa kaskazini-magharibi, kuna kijiji kiitwacho Kings Langley, yaliko makao ya Imagination Technologies. Hawa hawatengenezi magemu. Wanabuni michoro ya chipu, na kampuni nyingine huitumia kuunda chipu zenyewe. Teknolojia yao ya PowerVR ilikuwa ndani ya iPhone ya kwanza mwaka 2007, na ndani ya iPhone 3GS mwaka 2009. Tarehe 1 Septemba 2010 Epic Games ya Marekani ilipoonyesha injini yake ya Unreal ikichora ngome na mitaa yake kwenye simu, na Desemba ya mwaka huo gemu la Infinity Blade likatoka, picha zile zilichorwa na chipu zenye asili ya kijiji hicho.

Siri ya PowerVR ni rahisi kuieleza. Chipu ya kawaida ya zamani huchora kitu kimoja baada ya kingine juu ya kioo kizima, na kila mara hupeleka na kurudisha rangi kwenye kumbukumbu iliyo mbali nayo. PowerVR hukigawa kioo katika vipande vidogo vya mraba. Huchukua kipande kimoja, hukiweka ndani kabisa ya chipu, hutazama kwanza ni vitu gani vitaonekana na vipi vimefunikwa na vingine, huchora vinavyoonekana tu, kisha hupeleka kipande kilichokamilika mara moja. Faida yake inatokana na jambo ambalo wengi hawalitarajii: ndani ya simu, kukokotoa ni rahisi, kubeba ndiko kunakomaliza betri. Kuleta namba kutoka kwenye kumbukumbu ya nje hula umeme mwingi kuliko kuijumlisha na nyingine.

Nililisoma hilo nikamkumbuka mjomba kwenye basi la usiku, N15, kutoka Barking kwenda mjini. Akizungumza juu ya miaka ile hataji sana kupiga deki wala kukaa lindo. Anataja safari. Saa za baridi kituoni, kubadilisha basi, kurudi nyumbani kula, kutoka tena. Kazi mbili zilimchosha, lakini kilichommaliza ni kile kilichokuwa katikati yake, ambacho hakulipwa hata senti. Alipoacha kazi zile alitafuta moja karibu na nyumbani, ya mshahara mdogo kidogo, anakwenda kwa miguu. Ndugu zake wa hapa walimshauri vinginevyo, na wote walikuwa wakipiga hesabu ya mshahara peke yake.

Infinity Blade nayo ina la kutufundisha. Mchezaji hatembei apendavyo. Anapelekwa kutoka pambano moja hadi jingine kwa njia iliyopangwa, anasimama mbele ya adui mmoja, anapigana kwa kidole. Kwa kuwa watengenezaji walijua kila mara jicho litasimama wapi, waliweza kumimina uzuri wote mahali hapo. Wapo waliosema huo si mchezo kamili. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa kishujaa: waliacha uhuru wa kutembea ili wapate kitu ambacho simu ilikuwa haijawahi kukionyesha. Feral miaka kumi na moja baadaye walikuwa na simu zenye nguvu zaidi, wakaweza kumwachia mchezaji atembee kituo kizima. Kila kizazi kina kikomo chake, na ubora wa kazi uko katika kukijua cha kwako kwa wakati wako.

Kuna jambo moja la Feral ambalo huwa nawatajia vijana. Wanachapisha orodha ya simu ambazo gemu lao linakubali, na kwa simu wanazojua hazitaweza hujaribu kumzuia mtu asinunue kabisa. Ingekuwa rahisi kuchukua fedha na kumwacha mnunuzi akilaumu simu yake. Dunia ya programu imejaa biashara ya namna hiyo. Kumwambia mteja hapana kabla hajatoa fedha ni adabu ya kazi, na mafundi wazuri wa Kariakoo wanayo pia: atakuambia hii usitengeneze, gharama yake inazidi thamani yake.

Hata hivyo orodha hiyo inaniuma, kwa sababu mpwa wangu yuko Mbagala, Dar es Salaam, na simu yake haimo. Simu yake ni ya bei nafuu, aina ambayo imejaa Afrika Mashariki yote. Na hapa kuna kitu kinachonigusa: simu nyingi za kiwango hicho zenye chipu za MediaTek, kama Helio A22 na Helio P22, huchorewa picha zao na PowerVR. Ubunifu wa Kings Langley upo mfukoni mwa kijana wa Mbagala. Haukuletwa kwake kama zawadi, na hauwezi kubeba Sevastopol nzima, lakini upo. Ndiyo maana magemu kama Free Fire yamekubalika sana kwetu. Yaliundwa yakijua simu ya namna hiyo ipo, na kwamba mwenye nayo naye ni mchezaji. Natamani wahandisi wengi zaidi wa huku wawe na simu ya Mbagala kwenye meza yao ya majaribio, si mwishoni baada ya kila kitu, bali siku ya kwanza.

Mpwa wangu hakungoja. Ameanza kutengeneza gemu la bao, bao lenyewe la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, kwa kutumia Godot, injini ya bure iliyoanzia Argentina, ambayo mtu anaweza hata kuitumia kwenye simu ya Android bila kompyuta. Anaandika kwenye simu ileile anayochezea. Juzi alinipigia akilalamika. “Shikamoo mjomba. Hili bao linaichemsha simu kuliko Free Fire, na mimi sijaweka hata kivuli.” Nikamuuliza linachemka dakika ya ngapi. Hakuwa amepima. Nikamwomba acheze, apime, anipigie tena.

Alipopiga tulikuta sababu. Ubao ulikuwa umetulia, mchezaji anafikiri, hakuna kete inayosogea, na injini inauchora upya mara 60 kila sekunde. Bao ni mchezo wa kufikiri. Sehemu kubwa ya muda ubao hausogei. Godot ina mpangilio wa kuiambia injini ichore pale tu panapokuwa na mabadiliko. Akauwasha. Simu ikapoa, na babu yake, ambaye ndiye mjaribu mkuu wa gemu hilo, sasa anaweza kukaa nalo toka baada ya alasiri mpaka magharibi kwa chaji ileile.

Ugomvi uliobaki hauhusu joto tena. Babu anasema sheria ya nyumba, lile shimo maalumu la ubao, aliyoiweka kijana siyo, kwamba nyumba haichezwi hivyo wakati wa kunamua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, na kwamba kompyuta imefundishwa na watu wasiojua bao. Mpwa wangu amefungua daftari, anaandika kila babu anachokisema, na wiki hii ameniambia hataongeza picha wala sauti mpaka hilo la nyumba liishe.